Nati za Uzi wa Kushoto

Jumanne moja ya Februari mwaka 1951, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Valerian aliandika ubaoni neno la Kiingereza lenye maana ya nyundo, akamwita Eustace asimame alisome. Eustace alikuwa mwanafunzi wa ufundi umeme, mtu mzima mwenye ndevu zake, na asubuhi ile alikuwa amekunywa uji tu. Alisimama, akavuta pumzi, akasema "hammer," na nati ya nusu inchi ikamtoka kinywani, ikagonga dawati, ikabingirika hadi chini ya benchi la mbele.

Mwalimu Valerian alingoja itulie. Kisha akamwambia aliyekaa mbele aiokote, na Eustace arudie neno, safari hii asiimeze herufi ya kwanza. Eustace akarudia. Ikaanguka ya pili, safi kuliko ya kwanza, ikiwa bado na mafuta ya kiwandani.

Darasa lilikuwa banda la mabati lililowahi kuwa ghala la saruji, katika mgodi wa dhahabu kwenye vilima vya Geita. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wanaume wenye wake na watoto, walioifuata kazi kutoka Shinyanga, Kahama na mbali zaidi. Asubuhi saa mbili hadi saa nne walisoma Kiingereza ili waelewane na mabwana. Baada ya hapo walishinda karakanani wakijifunza ufundi. Kufika mwisho wa wiki ile wote walikuwa wakitoa nati. Neno fupi lilitoa nati ndogo na neno refu nati kubwa, na siku waliyojifunza neno la kulainisha mashine kwa grisi, Eustace alishinda ameshika taya. Wasukuma waliosema "livet" badala ya "rivet," yaani ribiti, walitoa nati zisizo na nyuzi ndani, yaani mikunjo inayoshika boliti, bali laini mithili ya pete ya ndoa, nazo zilirudishwa zikayeyushwe. Mwalimu aliona hiyo ni njia nzuri ya kusahihisha matamshi. Hakuna aliyekwenda kwa mganga. Mganga angesema nini kuhusu vyuma?

Kampuni nayo haikulalamika, maana tangu vita vyuma vilikuwa adimu na meli zilichelewa. Kila siku saa nne Mzee Muhidini, mtunza stoo, mwenyeji wa Ngokolo pale Shinyanga mjini, alipita na ndoo yake akakusanya. Alikuwa mtu wa kofia ya kiua na miwani iliyofungwa kwa waya, na hakuamini kitu ambacho hajakijaribu kwa mkono wake. Alikaa kwenye kaunta na boliti, akazifunga nati moja moja, kisha akazitia kwenye masanduku.

Mwalimu Valerian alikuwa Mkerewe, aliyesomeshwa na mapadri, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne mgodini. Alifundisha kwa kitabu cha masomo arobaini ambacho Kampuni ilikileta kutoka ng'ambo. Somo la kwanza lilikuwa "Yes, sir." La pili lilikuwa "Yes, sir" pia, kwa sauti ya juu zaidi. Yalifuata majina ya vifaa, kisha amri, kisha namna ya kuomba radhi. Neno "no" lilikuwa somo la thelathini na moja. Cheti kilitolewa baada ya somo la thelathini, kwa kuwa karakana haikuweza kuwangoja mafundi zaidi ya hapo, na kila cheti kilisema kwamba mwenye nacho anaelewa maagizo ya kazi kwa Kiingereza. Chini yake ilikaa sahihi ya Mwalimu Valerian, yenye mkia mrefu aliokuwa akijivunia.

Bwana aliyesimamia winchi na karakana alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye haraka, asiyemwamini fundi yeyote. Kila alipopita aliuliza swali, na kila swali lake lilianza na maneno "you haven't." Hujapaka mafuta? Hujakaza? Hujafagia? Kwa hiyo kambi nzima, hadi wapishi, walimwita Bwana Yuhaventi, naye alidhani ni neno la Kisukuma la heshima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakuwahi kumsikia Bwana Yuhaventi akiuliza.

Mwezi Mei Mzee Muhidini alimfuata mwalimu nyumbani, ameshika mkebe wa chai uliojaa nati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwalimu, wanafunzi wako wana kasoro. Hizi hazikubali boliti."

Mwalimu akachukua moja, akaitazama ndani kwa mwanga wa dirisha. Ilikuwa na nyuzi nzuri tu.

"Uzi wake unaenda kushoto," Muhidini alisema. "Fungua, ndiyo inakaza. Kaza, ndiyo inafunguka. Na si za darasani kwako. Zote zimeokotwa karakanani, anakopita Bwana Yuhaventi."

Siku tatu mfululizo, baada ya vipindi vyake, Mwalimu Valerian alikwenda karakanani akajifanya ana shughuli na ubao wa matangazo. Siku ya tatu alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimkata maini. Bwana Yuhaventi alimwuliza fundi mmoja, kwa Kiingereza chake, "Hujamaliza?" Fundi alikuwa hajamaliza. Akajibu "Yes, sir," na nati ikaanguka.

Kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma vilevile, mtu akikuuliza hujamaliza, nawe kweli hujamaliza, unamjibu ndiyo: ndivyo usemavyo, sijamaliza. Mwingereza hujibu kinyume. Kwake yeye "yes" ni kwamba kazi imekwisha, hata swali liwe limepinda vipi. Mafundi walikuwa wakisema kweli na Bwana Yuhaventi alikuwa akisikia uongo, mara kumi kwa siku, na kila mmoja alikwenda zake ameridhika. Mpaka siku ile kosa hilo halikuwa limemdhuru mtu, kwa kuwa bwana alikwishaondoka na fundi alibaki akiimaliza kazi yake kimya kimya.

Mwalimu Valerian alikwenda kwa Meneja na mkebe wa nati mkononi. Aliomba ruhusa afundishe somo la thelathini na moja mara moja, kabla ya vyeti. Meneja, mtu mpole aliyependa kunyoosha penseli zake mezani, alizitazama nati, akakubali kwamba uzi wake ni wa kushoto.

"Mwalimu," alisema, "fundi anayejua kukataa kabla ya kujua kazi ni matatizo. Fuata kitabu. Mkataba wako unakwisha mwezi ujao, sivyo?"

Mwalimu akasema ndivyo. Akarudi darasani akafuata kitabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo alilijua tangu utoto, lakini ufa wenyewe ulikuwa kwenye nyumba ya mwenzake na yeye alikuwa na mkataba.

Maganga alipewa cheti namba saba cha darasa lile, wenzake watano wakiwa bado wanasoma. Alikuwa Msukuma wa upande wa Songwa, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyoshika vitu vidogo kwa upole, na ndiye aliyekuwa fundi bora kuliko wote darasani ingawa si msemaji. Mke wake, Zipora, aliitwa na kila mtu Mama Kabula, kwa jina la binti yao wa mwaka mmoja. Wiki ya pili ya Juni Maganga alipewa kazi ya kufungua breki ya winchi kuu, ile iliyoshusha watu shimoni kwa ndoo kubwa ya chuma, aisafishe na kuifunga upya.

Jumatano saa tatu asubuhi breki ilikuwa imefungwa nusu, na boliti nne zilikuwa zimelika. Bwana Yuhaventi alipita. Akauliza, "You haven't finished the brake?" Hujaimaliza breki?

"Yes, sir," alijibu Maganga, na nati ikaanguka karibu na kiatu chake.

Bwana Yuhaventi akaitikia kwa kichwa. Maganga naye akaitikia, akaona wameelewana, akaenda stoo kuomba boliti nne mpya. Alikuwa amesimama kwenye kaunta ya Mzee Muhidini, anazichagua, pale Bwana Yuhaventi alipompungia mkono mwendesha winchi. Ndani ya ndoo alikuwamo mtu mmoja, Pantaleo, mchimbaji wa kutoka Karagwe, aliyekuwa ameshika chakula chake katika kitambaa. Ndoo ilishuka. Haikusimama mahali pa kusimama.

Darasani walisikia kishindo kupitia miguu. Mwalimu Valerian alikimbia na chaki mkononi. Alipofika, watu walikuwa wameinama juu ya mdomo wa shimo, na Maganga alikuwa anakuja kutoka stoo na boliti nne kiganjani. Mwalimu aliangalia chini ya winchi, akaiona nati, akaiokota kabla mtu hajaikanyaga. Alijua hata kabla ya kuijaribu. Aliogopa sana siku ile, na mbaya zaidi ni kwamba hofu yake ya kwanza ilikuwa juu yake mwenyewe.

Maganga alifungiwa katika chumba cha mahabusu cha Kampuni kungoja uchunguzi. Bwana Yuhaventi aliandika kwamba aliuliza, akajibiwa kazi imekwisha. Ikithibitika hivyo, Maganga angepelekwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uongo, na kila mtu kambini alijua kifungo chake ni miaka. Ikithibitika alisema haijakwisha, angerudi nyumbani kwake jioni ileile.

Meneja alimwita mwalimu. "Atajibu kwa Kiingereza," alisema. "Ana cheti chetu. Mtu mwenye cheti hahitaji mkalimani. Kama anahitaji, basi cheti ni cha uongo, na aliyekitia sahihi itabidi aeleze." Akanyoosha penseli moja. "Lakini unaweza kumtayarisha. Muda wa saa moja kila alasiri, mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Siku ya kwanza Mwalimu Valerian alimkuta Mama Kabula mlangoni kwa mahabusu na bakuli la ugali na mlenda, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kabula."

"Baba Kabula anasema alimwambia bwana haijakwisha. Mimi namwamini. Mume wangu hasemi mengi, lakini akisema amesema." Akamkabidhi bakuli. "Mfundishe huyo mdomo wa Wazungu, Mwalimu. Mfundishe vizuri, nakuomba."

Ndani, Mwalimu Valerian alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafungua kitabu kwenye somo la thelathini na moja. Neno lilikuwa moja, herufi mbili. Maganga alifungua kinywa, kikakataa.

"Kwetu, Mwalimu, humwambii mkubwa yaya, yaani hapana," alisema. "Mtu mzima akikuuliza jambo, unatafuta njia ya kumwitikia kwanza. Halafu ndiyo unaeleza."

"Huyu hatangoja uanze kueleza."

Ilikuwa alasiri ya tatu ndipo neno lilipotoka. Lilitoka pamoja na nati nzito ya pembe nne, aina ambayo mwalimu alikuwa hajaiona, na ikachubua mdomo wa Maganga kidogo. Maganga aliipapasa kwa kidole gumba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Ilikuwa na uzi wa kulia, safi kabisa.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Mwalimu alijaribu kueleza kwa sarufi, akaona anamzamisha mtu. Mwishowe aliacha kitabu.

"Sikiliza, Baba Kabula. Usilisikilize swali. Sikiliza kazi. Kama jambo ulilifanya, sema yes. Kama hukulifanya, sema no. Akiuliza kwa kuinama, akiuliza kwa kusimama, wewe usimfuate."

Maganga alifikiri. "Yaani mtu ananiuliza, nami nisimsikilize?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hiyo adabu gani?"

"Ni adabu yao. Hujalala?"

"No, sir," alisema Maganga taratibu. Sijalala. Nati ya uzi wa kulia.

"Hukumwambia bwana kwamba breki haijakwisha?"

Jasho lilimtoka Maganga puani. "Yes, sir," alisema. Nilimwambia. Nati ya uzi wa kulia.

Walirudia mara ishirini, mara hamsini. Alhamisi alasiri Maganga hakukosea hata mara moja, na mkebe ulijaa nati ambazo Mzee Muhidini alizijaribu zote, akarudi kusema kwa sauti ya mtu anayezuia furaha, "Zimekubali. Zote." Mwalimu Valerian alikwenda nyumbani akala kwa hamu. Tunaweza kumlaumu kwa mengine, lakini si kwa kula chakula kile.

Uchunguzi ulifanyika Ijumaa saa nne katika ukumbi wa Wazungu wa kuchezea karata. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sharubu nyeupe aliyeletwa kutoka nje ya mgodi, mtu wa haki kwa sura na kwa sifa. Kando yake alikaa Meneja. Bwana Yuhaventi alikaa mbele, amechana nywele, macho mekundu. Yeye naye alikuwa hajalala vizuri, maana Pantaleo alipokuwa hai alikuwa akimsalimu kila asubuhi. Mafundi walisimama ukutani. Mama Kabula hakuruhusiwa kuingia, akasimama nje ya dirisha.

Mwenyekiti alianza polepole. Jina? Kazi? Umri? Maganga alijibu, nati zikaanguka juu ya meza ya karata yenye kitambaa kijani, na karani akazisogeza pembeni kwa rula ili zisilowanishe karatasi kwa mafuta.

"You are not a new man here?" aliuliza mwenyekiti. Wewe si mgeni hapa?

"No, sir," alisema Maganga.

Mwalimu Valerian alipumua. Swali limeinama na mtu hakulifuata. Akalegeza vidole vyake.

Kisha mwenyekiti akampa nafasi Bwana Yuhaventi aulize. Bwana Yuhaventi alisimama. Alimtazama Maganga usoni, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira ya mtu aliyejihakikishia wiki nzima kwamba hana kosa.

"You didn't tell me it wasn't finished," alisema. Hukuniambia kwamba haijakwisha. "You never told me. You never said a word, did you, you liar, and a man is dead?" Hukusema neno, sivyo, mwongo wewe, na mtu amekufa?

Hayo hayakuwa yamefundishwa alasiri hata moja. Swali lilikuwa na kukataa ndani ya kukataa, na juu yake tusi. Maganga aliyasikia yote. Alimsikia mtu anamwita mwongo mbele ya watu, mkewe akiwa dirishani, na alisahau kazi akalisikiliza swali, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na hata ningekuwa mimi ningelisikiliza. Alisimama wima. Alilichota lile neno jipya kutoka chini kabisa ya kifua.

"No, sir!" alisema, kwa sauti iliyofika nje. Si kweli. Nilikuambia. "No! No, sir!"

Nati tatu za pembe nne zilianguka mezani kwa mfuatano. Mafundi ukutani walinong'ona kwa fahari, maana walikuwa hawajapata kumsikia mwenzao yeyote akimkatalia bwana. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa na maana ya sikukuambia, na karani aliandika: mshtakiwa anakiri kwamba hakumwambia msimamizi.

Mwalimu Valerian alilisikia kosa kabla nati ya kwanza haijatua. Mkataba wake ulikuwa juu ya meza ya Meneja toka Jumatatu, haujatiwa sahihi. Mara mbili alijiambia asimame, mara mbili akabaki amekaa, na ya tatu akajikuta yuko wima anasema Kiingereza kizuri kuliko alichowahi kusema maishani. Alieleza ndiyo ya Kiswahili na "yes" ya Kiingereza. Alisema mshtakiwa ametoka kukana kwa nguvu zake zote. Alisema kwamba Jumatano ile alisema kweli pia, na kama uongo upo, umo ndani ya kitabu cha masomo arobaini, na ndani ya sahihi yake yeye, Valerian.

Hakuna aliyemkaripia. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Unaweza kuthibitisha?"

"Nati zitathibitisha, bwana."

Mzee Muhidini aliitwa na boliti mbili, moja ya kulia, moja ya kushoto. Kwanza alijaribu nati iliyookotwa chini ya winchi, kisha zile tatu zilizokuwa bado zina joto. Zilikataa boliti ya kulia. Kwenye ya kushoto zikaingia taratibu mpaka mwisho. Mwenyekiti aliomba boliti, akajaribu mwenyewe, akampa Meneja, naye akampa Bwana Yuhaventi. Bwana Yuhaventi aliizungusha kwa muda mrefu. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bwana na alijua uzi akiushika.

"Ni ya kushoto," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Muhidini aliongeza, bila kuulizwa, kwamba mtu aliyemaliza breki haji stoo kuomba boliti nne za breki. Hilo nalo liliandikwa.

Mwenyekiti alitoka nje kwa robo saa akavuta kiko. Aliporudi alisoma. Uchunguzi umeridhika kwamba nati zote nne ni za uzi wa kushoto. Umeridhika kwamba mshtakiwa alikusudia kinyume cha alichosema. Hata hivyo, hakuna kanuni ya mgodi inayomtaka msimamizi kuokota kitu kilichoanguka kutoka kinywani mwa mfanyakazi na kukijaribu kwenye boliti kabla ya kutoa amri. Anayetoa neno ndiye mwenye wajibu wa nyuzi zake. Mshtakiwa ana cheti.

Maganga alimtazama mwalimu. "Wamesemaje?"

Mwalimu alimweleza kwa Kiswahili. Maganga alisikiliza hadi mwisho, kama ilivyo adabu, kisha akasema, "Wabeja, Mwalimu," yaani asante, na kwa kuwa hakukuwa na kejeli ndani yake Mwalimu Valerian alishindwa kuinua macho. Mahakama ilikubaliana na uchunguzi. Ilikuwa miaka mitatu na kazi ngumu, gerezani Mwanza.

Mwalimu Valerian alingoja kufukuzwa. Badala yake Meneja alimwita, akampa kiti, akamsogezea mkataba uliokwisha sainiwa.

"Ulisema vizuri sana," alisema. "Nimejifunza kitu." Akaeleza kwamba mashine ya kunolea karakanani ina magurudumu mawili, na la upande wa kushoto ni lazima lifungwe kwa nati ya uzi wa kushoto, la sivyo linajifungua lenyewe likizunguka. Nati hizo hazipatikani kokote tangu vita. Migodi mingine pia inazitafuta. "Arobaini kwa wiki zingetosha. Somo la thelathini na moja tutaliondoa. Bwana yule atakuja darasani kila Jumamosi. Yeye ndiye anayejua kuzipata."

Mwalimu aliomba jambo moja, aruhusiwe kuandika rufaa kwa ajili ya Maganga na kuambatanisha nati. Meneja alisema hakuna ubaya. Mwalimu akatia sahihi mkataba, ile yenye mkia mrefu. Aliandika rufaa kurasa sita, akaifunga nati ya winchi ndani ya kitambaa na kuipeleka posta yeye mwenyewe. Rufaa ilikuwa haki ya Maganga. Mkataba ulikuwa aibu yake, naye alijua hivyo, akala mshahara wake akijua.

Jibu lilikuja Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Lilisema kwamba nati imepokelewa na kupimwa, uzi wake umeonekana kuwa wa kushoto, na uamuzi unabaki kama ulivyo. Mwalimu alilisoma amesimama nje ya banda, akalikunja, akalitia mfukoni. Ndani Bwana Yuhaventi alikuwa mbele ya darasa jipya la watu kumi na wawili. Alikuwa amekonda zaidi. Aliuliza maswali yake bila kumtazama mtu yeyote. Hamjaelewa? "Yes, sir." Hamjachoka? "Yes, sir." Nati zilidondoka ndani ya ndoo ya Mzee Muhidini, aliyekaa pembeni na boliti yake ya kushoto, akijaribu moja moja na kuguna.

Mama Kabula alikuja akipita kando ya ukuta wa mabati na furushi kichwani. Kampuni ilihitaji chumba chao kwa fundi mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kabula."

Mama Kabula akautazama mfuko wa shati la mwalimu, palipochungulia pembe ya bahasha yenye muhuri.

"Hawajakubali?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mwalimu Valerian.

Mama Kabula alimwelewa palepale. Hakuna aliyehitaji boliti. Akamvuta Kabula juu mgongoni na kukaza kanga, akauliza lori la Shinyanga linaondoka saa ngapi. Mwalimu akamwambia saa sita, akambebea furushi hadi barabarani.